Shiti za Upande wa Kulia

Karakana, Jumanne, 4 Machi

Mke wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana, na mama mkwe mpe pole ya nyonga. Mwambie mkwewe anamuulizia kila siku. Naandika kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na mama yuko pembeni anasikiliza kila neno. Karatasi angalau haimkatizi mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu uondoke, kazi ya kukata imenielemea. Wewe ulikuwa unaikwaruza shiti kwa kile kisu cha ndoana mara tano au sita, unaiweka ukingoni mwa meza, unabonyeza, nayo inavunjika kufuata mstari. Mimi nikijaribu inavunjika inapotaka yenyewe. Wiki iliyopita nimeharibu shiti mbili kubwa za perspeksi, ile plastiki angavu kama kioo. Na sonara wa pale kona anataka masanduku thelathini ya kuonyeshea saa. Nimemwambia mkataji wangu anauguza, akasema anampa pole lakini saa zake haziwezi kungoja.

Kwa hiyo lazima tununue mashine, na nimeangalia tatu. Kuna msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi. Huo ni mwepisi lakini unatetemeka na kumegua kingo. Kuna msumeno wa meza, wenye bapa la duara. Mstari wake umenyooka, ila kelele na vumbi ni vingi, na ukisukuma polepole plastiki inayeyuka na kuganda kwenye meno. Halafu kuna leza. Yenyewe haigusi kitu, inakata kwa mwanga, na ukingo unatoka unang'aa wala hauhitaji msasa. Inaongozwa na kompyuta. Pale dukani wana binti anayefundisha watu kuitumia, na amekuja hapa kupima chumba na kuangalia dirisha la kutolea moshi. Ni mtu makini. Amesema anaweza kuja siku tatu kwa wiki kuiendesha mpaka niizoee.

Wewe ndiye mkataji. Niambie tuchukue ipi.

Mumeo,
Vipimo


Kwa mama, Ijumaa, 7 Machi

Vipimo,

Mama anaendelea vizuri. Jana alisimama kwa kushikilia kiti, akakaa tena, akasema kiti hicho kina njama naye. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara moja kwa ajili ya mashine, mara mbili kwa ajili ya binti.

Nianze na mashine. Chukua msumeno wa meza. Tafuta bapa lenye meno mengi madogo, na usibandue karatasi ya kinga kabla hujakata. Sukuma kwa mwendo mmoja bila kusita, maana kusita ndiko kunakoyeyusha. Kwa vumbi utavaa barakoa. Hiyo ni mashine ambayo mimi na wewe tunaweza kuiendesha bila kumwita mtu. Leza ni ya kukaa na kubonyeza kitufe. Miaka kumi na minne mkono wangu ndio umekuwa leza ya karakana hiyo, na hakuna aliyekuja kuupimia dirisha.

Sasa binti. Amepima chumba. Siku tatu kwa wiki. Mtu makini. Tangu unioe sijakusikia ukimwita mtu yeyote makini, hata mimi. Mimi uliniita Nyoosha, kwa kuwa nakata bila rula, nami nikaridhika. Kwenye barua hii Nyoosha hayupo. Yupo "mke wangu mpendwa", kama barua ya mwajiri anayejiandaa kukuachisha kazi.

Na huo mwandiko! Herufi zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Zamani uliandika kama kuku aliyekanyaga wino, na wewe huyohuyo mtaa mzima unakuita Vipimo kwa sababu ubao unaupima mara tatu kabla ya kuugusa. Nilimwonyesha mama. Akasema mwanamume akianza ghafla kuandika vizuri, ujue kuna mtu anamtazama akiandika. Nilicheka, halafu chakula kikanishinda.

Ana umri gani? Ameolewa? Nijibu kwa mpangilio huo.

Nina wivu, sikufichi. Ningekuwa sina ungeanza kuhangaika wewe.

Mkeo


Karakana, Jumatano, 12 Machi

Mke wangu mpendwa,

Ana miaka ishirini na saba. Hajaolewa. Nimemuuliza kwa sababu umeniagiza, na limekuwa jambo la aibu kwangu na kwake. Naomba tusirudi tena huko.

Mwandiko ni wangu uleule. Labda ni kalamu mpya.

Kuhusu mashine, nimechukua leza. Najua ulisema vingine, na najua nilikuuliza mwenyewe. Lakini dukani ilikuwa imebaki moja, na sonara alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Tumeifunga Jumatatu. Bomba la moshi limetoka dirishani, upande ule uliokuwa unaanika matambara. Jana tumekata sanduku la kwanza. Vipande sita viliingiana bila kusuguliwa hata kidogo, nikapitisha kidole kwenye kona zote nisipate mahali pa kulalamikia. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba vipimo vinaingizwa kwenye kompyuta na mashine inavifuata yenyewe. Mtu hana haja ya kuikodolea macho rula mchana kutwa.

Ungekuwepo ungefurahi. Naamini hivyo.

Msalimie mama.

Mumeo,
Vipimo


Kwa mama, Jumamosi, 15 Machi

Vipimo,

Uliniuliza tuchukue ipi, nikakujibu, ukachukua nyingine. Ungemuuliza paka. Paka asingesumbuka kuandika kurasa mbili kuhusu meno ya bapa.

Unasema ningekuwepo ningefurahi. Ningefurahia nini? Kukaa kwenye kiti cha wageni nikiangalia mwanga unafanya kazi yangu, na mwanamke mwingine ndiye anayeuwasha? Nimekaa hapa namgeuza mama kitandani, namwosha, namsikiliza akisimulia ugomvi wa majirani waliokwisha kufa, na muda wote najiambia hainidhuru, nina mahali pangu pa kurudi. Sasa nakuta mahali penyewe pamefungwa bomba.

Na huyo Bi Kitufe wako, maana lazima awe na jina na mimi nimempa hilo, mwambie kuendesha mashine si kuijua plastiki. Anabonyeza, anatabasamu, anarudi kukaa, na wewe umesimama nyuma yake unasifu kona. Muulize basi kama anajua tofauti ya shiti za kushoto na za kulia kule stoo, zile tulizonunua mabaki ya kiwandani bila karatasi wala jina. Kwa macho zinafanana. Mimi nazitambua kwa kuzigonga na ukucha, na ndimi niliyezitenga; sikukwambia sababu, maana kwa kisu hazina madhara. Za kulia si perspeksi. Ni PVC, ndugu yake bomba la maji, na zikichomwa moshi wake ni sumu inayokula koo na chuma. Akilijua hilo nitamwita fundi. Asipolijua, abaki Bi Kitufe.

Nina swali moja, na hili unijibu kama mume wangu, si kama karani. Mama akipona, narudi hapo kufanya nini? Kisu changu kiko wapi?

Mkeo


Karakana, Jumatano, 19 Machi

Mke wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Najua umekasirika, ingawa imekuwa fupi kuliko nilivyotegemea, na nakushukuru kwa kunihurumia.

Kisu chako kipo kwenye ndoana yake, hakuna aliyekigusa. Umeuliza utarudi kufanya nini. Wewe ni mke wangu, utarudi nyumbani kwako. Kuhusu kazi tutazungumza ukifika, si mambo ya kuandika.

Masanduku ya sonara tumefika kumi na tisa. Shiti za kushoto zimekwisha, lakini zile za kulia ni rundo zima ambalo halijaguswa, na unene ni uleule. Ijumaa tutaanza hizo, na Jumamosi naweza kuwa nimemaliza kazi yote. Hebu fikiria, masanduku thelathini kwa wiki moja na nusu.

Mama akiweza kusimama peke yake niarifu.

Mumeo,
Vipimo


Kwa mama, Jumamosi, 22 Machi

Vipimo,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Leo ni Jumamosi. Ulisema Ijumaa.

Nimekupigia mara tisa. Simu inaita tu. Sasa nimemwomba dereva wa lori la mizigo aichukue barua hii na kukupa mkononi, kwa sababu siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Kama hamjakata, msikate. Kama mmeanza, zimeni mashine, tokeni nje na mwache mlango wazi. Nilikuandikia. Niliandika wazi kabisa kwamba za kulia ni PVC. Ama hukuisoma, ama uliisoma ukamuuliza yeye, akasema mkeo ana wivu tu, ukamwamini. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi.

Kama huniamini mimi, chukua waya wa shaba uupashe moto mpaka uwe mwekundu. Uguse nao shiti, halafu uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni PVC.

Sasa hivi sina wivu. Hapana, ni uongo, ninao. Lakini kwanza uwe mzima.

Mkeo


Karakana, Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo mama,

Sijui kama unataka nikuite hivyo. Ni mimi unayeniita Bi Kitufe. Niliona ukipiga simu ya mzee tangu Jumamosi, jina lako linatokea kwenye kioo, nikakosa moyo wa kupokea. Mzee ameniruhusu kukuandikia yote, na safari hii hajanielekeza cha kuandika.

Yuko hai na leo ametoka hospitali. Sauti imekauka, anaongea kwa kunong'ona, na daktari amesema koo litachukua majuma kadhaa lakini mapafu yatapona. Ijumaa tulikata shiti ya kwanza ya kulia. Mashine ilianza kutoa harufu kali ya kuchoma pua, na moshi ukaishinda nguvu feni ya kuutoa nje. Nilikuwa kwenye kompyuta. Yeye alidhani kuna kipande kimeshika moto, akafunua kifuniko na kuinamisha uso ndani kabisa ili aone. Mtu mwingine angeona kwa mbali. Yeye hawezi, na hilo ndilo ambalo hujaambiwa.

Mzee haoni vizuri tangu mwaka jana. Rula haisomi tena. Barua hazisomi. Alianza kuharibu shiti kabla hujaondoka, akawa anazivunjavunja na kuzitupa wewe ukienda sokoni. Mimi niligundua siku ya kwanza, aliponiomba nimsomee vipimo vya dirisha lake mwenyewe. Aliniapisha. Alisema, "Mke wangu akijua atamwacha mama yake kitandani aje kunishika mkono kunivusha barabara. Sitaki kuvushwa." Ndiyo sababu alichukua leza.

Kwa hiyo, mama, barua zake zote nimeziandika mimi. Yeye alisema, mimi nikaandika. Na zako nilimsomea mimi.

Ile ya kwanza uliyoandika niliisoma yote kwa sauti, pamoja na pale ulipouliza umri wangu na kama nimeolewa. Kisha akasema, "Haya, mwandikie." Nikaandika umri wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sijawahi kuona aibu namna ile. Siku hiyo nikajiambia, mahali utakaponitaja tena nitaruka.

Ile ya tarehe 15, nilipoona maneno Bi Kitufe mwanzoni mwa aya, niliruka aya nzima. Sikuisoma kwa sauti wala kwa macho. Nikaenda moja kwa moja kwenye kisu chako. Niliisoma Ijumaa jioni kwenye benchi la hospitali, na kila kitu kilikuwemo.

Mashine nayo imeharibika. Reli zake zimeota kutu kwa siku moja tu, na lenzi imeingia ukungu. Waya wa shaba nimeujaribu. Moto ulikuwa kijani.

Kuna jambo moja nadhani ni haki yako kulijua. Nilimuuliza kwa nini nisikuandikie kwa jina lile la nyumbani, kwa kuwa ulililalamikia. Akasema hilo hawezi kulitamka mbele yangu ili niliandike. Lile la "mke wangu mpendwa" nililibuni mwenyewe tangu barua ya kwanza. Samahani kama lilisikika kama barua ya ofisini. Nilijifunza kuandika barua ofisini.

Amekataa nimwandikie neno lolote la kukuomba msamaha. Amesema akikuomba kupitia mimi atakuwa amekosa mara mbili.

Mimi


Kwa mama, Alhamisi, 27 Machi

Marahaba.

Nimeandika na kuchana mara nne, kwa hiyo hii ipokee ilivyo.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nikalia, na mama alipouliza nikasema ni kitunguu. Akasema hajaona kitunguu kikija na posta. Baadaye nilimsomea yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndicho alichosema kuhusu mkwewe, kisha akaniuliza kama umeandika mwenyewe hayo ya benchi. Nikasema ndiyo. Akasema basi si mtu mbaya. Mimi bado sijafika huko.

Kosa tumelifanya wawili. Mimi nililifunga onyo ndani ya matusi, wewe ukalitupa furushi zima bila kulifungua. Ningeandika mstari mmoja peke yake, "shiti za kulia zisichomwe", mume wangu asingelala hospitali. Niliujua mstari huo. Lakini nilitaka ukutane nao ukiwa umeaibika. Hilo nitaishi nalo, na sihitaji mtu anipoze.

Sasa nikwambie kinachonikereketa. Ungeniandikia kwamba amekushika mkono, ningejua pa kuanzia. Ningekuja, ningepiga kelele, mtaa ungetoka nje kutazama. Lakini yeye alikupa wewe habari ya macho yake. Mwaka mzima amekaa nami meza moja, ameniambia mwanga wa taa ni hafifu, ameniambia rula imefutika alama, nami nikanunua taa nyingine na rula nyingine kama mjinga. Kisha ukaja wewe na tepu yako ya kupimia, na siku ya kwanza ukajua. Nimeuonea wivu uso wako ambao sijawahi kuuona. Niliyekuwa na haki ya kuonewa wivu ni mimi, mkewe, na sikupewa siri hiyo hata ninyamaze nayo.

Kazi kwanza. Shiti zote za kulia zitoeni stoo kabisa, zitafaa kwa msumeno lakini si kwa moto. Reli za mashine zisugueni na kuzipaka mafuta leo, msingoje kutu izame. Lenzi ibadilishwe. Leza isiuzwe. Kama rula haisomi, basi mashine itasoma badala yake, na mimi utanifundisha kuiendesha, na nitakuwa mwanafunzi mbaya sana, ujiandae. Vipande vinene nitakata mimi kwa msumeno wa meza tutakaoutafuta. Sonara mwambieni masanduku yatakamilika nikifika, na akiwa na neno aniletee mimi.

Siku zako tatu zibaki tatu. Siombi uondoke. Nilitaka kuomba hivyo, na ukurasa mmoja niliochana ulisema hivyo, lakini nilipousoma nikaona ninamfukuza mtu aliyemfikisha mume wangu hospitali akiwa hai.

Jirani wa mama atalala naye mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nifunge mizigo. Barua hii nampa yule dereva wa lori aifikishe kesho, nami nafika Jumamosi na basi la asubuhi.

Mzee atakuuliza kama nimemwandikia chochote. Nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima. Halafu nikafikiri jinsi utakavyousoma. Ungeusoma vizuri, najua, bila kuruka hata neno safari hii, na yeye angeinamisha kichwa kusikiliza. Lakini sauti ambayo angeisikia ingekuwa yako, na maneno yale nimemwekea miaka kumi na minne. Nimeuchana na huo.

Msomee mstari mmoja tu: mkeo anakuja Jumamosi, usije stendi.

Ukishamsomea, funga karakana uende kwenu hadi Jumatatu. Mengine nitamwambia mwenyewe. Nitakaa karibu naye, pale ambapo bado ananiona.

Mke wa Vipimo